Mashine Ambayo Singaravelu Hakuigusa

Wageni walikuwa wameshamaliza sahani mbili za bajia na bado hakuna aliyesema neno la maana. Ndivyo mambo haya yalivyo. Upande wa mwanamume wakija kumwona binti, wanaanza kwa kusifu feni, wanasifu kalenda ukutani, wanauliza maji ya bomba hutoka saa ngapi mtaani, na mama wa binti huko jikoni roho iko juu utadhani yeye ndiye anayeposwa.

Singaravelu, mwenye nyumba, alikuwa amekalia kiti cha plastiki kilichoazimwa kwa jirani. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amegonga telegramu kwa kitufe cha shaba katika ofisi ya mji wa Trichi, kusini mwa India. Sasa, mwaka huu wa 2004, alikuwa mstaafu mwenye pensheni ya kubana, nywele zilizopakwa rangi kwa heshima ya siku hiyo, na binti wa miaka ishirini na tisa. Binti mwenyewe, Thenmozhi, alikuwa mwalimu wa hesabu. Wachumba wanne walikuwa wameshakuja kumwona, wakala, wakanywa kahawa, wakaaga kwa maneno yale yale: "Tukifika nyumbani tutawapigia simu." Hakuna hata mmoja aliyepiga.

Huyu alikuwa wa tano. Jina lake Madhivanan, injinia wa Chennai, miaka thelathini na moja, na nyota zake na za binti zilipatana mambo manane kati ya kumi. Alikuja na mama yake, mwanamke mkimya, na baba yake, Doraikannu, ambaye kimya hakikuwa desturi yake.

Thenmozhi alipoingia na trei ya kahawa, kijana hakumtazama kwa kuibia kama wale wenzake wanne. Alisema asante, akamtaja kwa jina. Doraikannu akacheka, akasema siku hizi vijana wanataka kuongea wenyewe, basi na waongee. Wakapewa dakika kumi juu ya paa, penye kamba za kuanikia nguo. Walikaa dakika ishirini na tano. Waliposhuka, Thenmozhi alikuwa bado ana kicheko usoni, na Sivagami, mama yake, alipokiona kile kicheko alirudi jikoni akaegemea ukuta akasema, "Ee Mungu, huyu. Nipe huyu."

Singaravelu naye alifurahi. Akajisogeza karibu na kijana.

"Kazi yako huko Chennai hasa ni ya nini, mwanangu?"

"Tunatengeneza kisanduku, mzee. Kinaitwa Pura, yaani njiwa. Unakichomeka kwenye waya wa simu ya nyumbani, unaandika barua pepe, inakwenda. Huhitaji kompyuta. Tuliwakusudia watu wa vijijini, na wazee wenye watoto Dubai."

Singaravelu alikuwa ameshika bajia. Akairudisha sahanini.

"Tuliwakusudia!" Doraikannu akadakia. "Umesikia, ndugu yangu? Siku hizi wanasema tuliwakusudia. Kuna mshenzi mmoja huko kwenye intaneti. Sijui mnaziitaje zile..."

"Blogu, Baba."

"Hizo hizo. Mtu amekaa kwake, hana mhariri, hana anwani, anaandika lolote linalomjia kuhusu mashine za watu. Hii itadumu, ile itakufa. Nani kamteua? Benki moja ya ushirika ilikuwa inunue Pura mia sita. Meneja akaletewa karatasi, maneno ya yule mtu yamechapwa. Akasoma, akaghairi. Watu arobaini wana kazi pale, bwana. Kumi na wanane wameshapewa barua za kwenda nyumbani!"

"Maskini," Sivagami alisema kutoka mlangoni, kwa huruma ya kweli. "Na mtu mwenyewe ni nani?"

"Anajiita Kidole cha Shaba," alisema Madhivanan.

"Jina gani hilo!"

Thenmozhi alikuwa anakusanya vikombe. Alisimama na trei mkononi akamtazama baba yake. Yeye ndiye aliyemfungulia ukurasa ule, alipoona kustaafu kunamla mzee, akampeleka duka la intaneti la Jabbar, akamwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza. Kisha akamwachia shughuli yake, kama mtu anavyomwachia baba yake gazeti.

"Kijana tu wa Bangalore huyo," Doraikannu aliendelea. "Mshahara mnene, kichwa kitupu. Nikimtia mkononi nitavua viatu nimpige navyo."

"Ongeza bajia," alisema Singaravelu.

Ingekuwa busara angenyamaza hapo. Lakini mtu akiumwa jino ulimi haukai mbali nalo.

"Je, alikosea?" aliuliza.

Madhivanan alifikiri kabla ya kujibu, na kwa kufikiri kule akazidi kupendeza. "Sehemu kubwa alisema kweli, mzee. Alisema watu hawalipii mashine, wanalipia habari ifike. Alisema mtu akiwa na simu mfukoni ataandika maneno machache kama ya telegramu na hatataka kisanduku mezani. Sisi wenyewe tulikuwa tunanong'onezana hayo kazini. Lakini aliandika pia kwamba Pura haijui Kitamil, kwamba tunawauzia bibi zetu mashine isiyojua kusema nao. Benki iliogopa hapo. Na huo ulikuwa uongo. Herufi zote mia mbili arobaini na saba zimo. Mimi ndiye niliyeziweka. Mwaka mzima."

"Vitufe vina herufi za Kiingereza peke yake," Singaravelu alisema.

Wote wakamgeukia.

"Niliona picha," akaongeza. "Gazetini."

"Kuna kitufe cha kijani pembeni," alisema Madhivanan kwa upole. "Ukikibonyeza, herufi zinabadilika kwenye kioo. Juu ya vitufe hutaziona."

Singaravelu alitikisa kichwa mara nyingi, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu aende kwa mwingine. Katika mashine alizozijua yeye, kilichokuwemo kiliandikwa juu ya kitufe, na kisichoandikwa hakikuwemo. Miaka thelathini na minne hakuona mashine iliyoficha herufi.

Wageni wakaaga. "Tukifika nyumbani tutawapigia simu," alisema Doraikannu, na mara hii sauti ilikuwa ya mtu anayekusudia kupiga.

*

"Ni wewe, Baba," alisema Thenmozhi kabla vumbi la teksi halijatulia.

"Ni yeye nini?" Sivagami aliuliza.

Ilibidi aelezwe mara mbili. Alikuwa anajua kwamba mumewe kila asubuhi huenda kwa Jabbar, lakini alidhani huenda kusoma magazeti kwa sababu kule kuna kiyoyozi. Alipoelewa, aliketi kwenye kimoja cha viti vya kuazima.

"Baba Thenmozhi. Mimi nimefunga Jumanne ngapi kwa ajili ya mtoto huyu? Nimezunguka mahekalu mangapi? Kumbe mwenzangu anatuharibia kwa nyuma! Ulikosa nini? Pensheni unayo, chakula unacho. Kilichokupeleka kwenda kuhukumu visanduku vya watu ni nini?"

"Wanaandika wote," alisema Singaravelu. "Kila mtu anasema kinachokuja. Nami nilidhani kitu kimoja angalau nakijua, jinsi watu wanavyotumiana habari."

"Futa!"

"Telegramu ikishapokelewa haifutwi."

"Hii si telegramu, mzee wewe! Thenmozhi, si inafutika?"

"Inafutika, Mama."

"Unaona? Nenda kwa Jabbar sasa hivi. Kidole chako cha shaba, kidole cha udongo, kife leo hii. Nani atajua?"

Thenmozhi alikuwa anapanga vikombe ndani ya beseni, kimoja kimoja, polepole kuliko ilivyohitajika. "Nina swali moja, Baba. Uliiona ile mashine?"

"Niliona picha."

"Uliigusa?"

"Ningeigusia wapi?"

"Mtoto akiniletea jibu darasani bila kuonyesha njia, nampa sifuri. Hata likiwa jibu sahihi."

Alisema bila ukali. Ndiyo maana lilimkaa baba yake kifuani kuliko kelele zote za Sivagami.

*

Simu ililia kesho yake saa mbili asubuhi, Thenmozhi akiwa ameshakwenda shule.

"Tumekubali!" Doraikannu alipiga kelele kana kwamba Chennai iko ng'ambo ya mto na hakuna waya. "Kijana ndiye aliyekubali kwanza, ndani ya treni. Tafuteni siku njema, mkwe wangu! Mkwe wangu, unanisikia?"

Sivagami alilia, akacheka, akalia tena. Akampigia dada yake. Akatoka hadi kwa jirani mwenye viti akasema avihesabu kuwa bado viko kazini, kwa sababu uchumba utafanyika hapa hapa nyumbani. Aliporudi alimshika mumewe mkono, jambo ambalo halikuwa limetokea mchana kweupe kwa muda mrefu.

"Sasa umeona?" alimwambia. "Mungu amefunika. Na wewe funika. Mdomo ndio unaponza kichwa, baba Thenmozhi. Usiseme, usiandike, usinung'unike. Kaa."

Akakaa kama nusu saa. Kisha akavaa ndala akaenda kwa Jabbar.

Duka la Jabbar lilikuwa na kompyuta sita nyuma ya vibao vya mbao, na Jabbar mwenyewe, mtu mnene mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyemheshimu Singaravelu kuliko wateja wengine kwa sababu hakuwahi kumkuta anatazama yasiyotazamika.

"Karibu, mzee wangu. Watu mia tatu wamekusoma tangu jana. Mmoja yuko Kanada."

Singaravelu akafungua ukurasa wake. Kwanza akapitia kurasa za wenzake, kama alivyozoea. Zamani hizo walikuwa wachache, wakijuana kwa majina ya kubuni, wakipelekana wasomaji kama majirani wanavyopelekana mboga. Na kila mmoja alikuwa na kitu cha kuzika: huyu anazika kanda za kaseti, yule anazika simu za mezani, mwingine anazika magazeti yote duniani na kuyapa miaka mitano. Wote walisema kwa sauti moja, sauti ya mtu aliyeshafika huko mbele akarudi kuwaeleza wengine. Singaravelu alikuwa akiipenda sauti ile. Ofisini hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa nayo. Alipokea maneno ya watu, akayapeleka, na maoni yake hayakuulizwa hata siku moja. Kisha ghafla, uzeeni, watu elfu nne wakasoma andiko lake moja kwa siku moja, na mtu asiyemjua akamwita mwenye macho makali. Nani asingelewa?

Akalisoma upya andiko la Pura. Lilikuwa limeandikwa vizuri, na hilo lilimwuma. Ile sentensi kuhusu bibi na mashine isiyojua kusema naye ilikuwa tamu kuliko zote, ndiyo iliyonukuliwa kila mahali, na ndiyo peke yake iliyokuwa ya uongo.

"Jabbar," alisema. "Mtu akikosea humu hufanyaje?"

"Hufuta, mzee. Au huandika jingine juu yake, watu wasahau."

"Sisi tulikuwa tunatuma telegramu ya sahihisho. Inafuata njia ile ile ya kwanza, inasema neno fulani lilikosewa, lisomeke hivi. Na aliyekosea anaweka jina lake."

"Jina lake?"

"Lazima. Mpokeaji ana haki ya kujua ni nani aliyemwambia uongo."

Jabbar alikuna ndevu. Alikuwa ameshasikia habari ya posa na ya kisanduku cha mchumba. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia, Sivagami si mtu wa kunong'ona. "Mimi sisomi sana, mzee wangu. Lakini heri mtu kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umeshajikwaa vyote viwili. Nenda ukamwulize mwenye harusi."

*

Alimkuta Thenmozhi kwenye lango la shule, mapumziko ya mchana, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Alikuwa hajasikia. Baba yake akamwambia kwamba wamekubali, na akaona uso wa mwanawe unavyofunguka. Kisha akamweleza lililobaki, akaona unavyojikaza.

"Unaweza kusahihisha kwa lile jina la kubuni," alisema Thenmozhi. "Hakuna atakayejua."

"Nimefikiri hivyo njia nzima. Lakini watu elfu nne wamemwamini Kidole cha Shaba kwa sababu wanadhani ni injinia. Waache wajue ni mgonga telegramu wa Trichi aliyetazama picha. Wapime wenyewe. Ila bei ya jambo hili si yangu peke yangu. Wewe ukisema nisiandike, siandiki. Na sitakulaumu, mama."

Thenmozhi alifuta chaki kwenye sari, akaiharibu zaidi.

"Nampenda, Baba," alisema. Hawakuwahi kusemezana hivyo, na wote wawili walitazama barabarani. "Kule juu ya paa aliniuliza nafundishaje sehemu za desimali. Alitaka kujua kweli. Wale wengine wote waliniuliza najua kupika nini."

"Basi siandiki."

"Sijamaliza. Ukikaa kimya nitaolewa naye, nitampakulia wali miaka arobaini, na kila akimtaja yule mtu nitatazama sahani. Sitaweza. Andika. Ila usimwambie Mama kwamba nimekuruhusu, ataniua kabla ya harusi."

Kengele ikalia, akarudi darasani.

Siku ile Singaravelu aliandika mistari michache kuliko siku zote. Alisema kwamba andiko lake kuhusu Pura lilikuwa na kosa. Kwamba Kitamil kimo, herufi zote, na aliyeziweka alifanya kazi yake kwa uaminifu, wakati yeye aliyemkosoa hakuwahi kuigusa mashine, aliona picha tu. Kwamba maoni yake mengine hajayabadili. Chini akaweka jina, umri, kazi aliyostaafu, na mtaa anaokaa. Kisha akazituma barua pepe mbili zenye maneno yale yale, moja kwa ile benki ya ushirika, nyingine kwa kampuni ya Pura.

"Mzee wangu," alisema Jabbar alipoona jina kwenye kioo, "leo hulipi."

*

Hata siku mbili hazikupita, simu ikalia tena. Safari hii Doraikannu hakusema mkwe wangu.

"Ulinikalisha nyumbani kwako!" sauti ilisikika mpaka jikoni. "Ukaniongezea bajia! Mimi natukana na wewe unanipakulia! Benki wameshanunua kwingine, sahihisho lako tulitie kwenye chai? Tafuteni mwingine. Na mkimpata, mwambieni mapema baba mkwe wake ni nani!"

Simu ikakatwa. Singaravelu alibaki ameshika mkono wa simu, amesimama wima, kama mtu anayesubiri kuambiwa akae.

Sivagami hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alikwenda kwa jirani na viti viwili viwili, akavirudisha vyote sita kwa safari tatu, na kila safari ilibidi ajibu kwa nini. Safari ya mwisho alisikia mke wa jirani akimwambia mtu ndani, "Wa tano huyo." Alirudi akajifungia jikoni, na mumewe akasimama nje ya mlango bila kubisha. Angemwambia nini? Kwamba alifanya haki? Haki ile haikuwa imemrudishia mtu hata mmoja kazi. Aliijua hesabu hiyo vizuri, na ilimtesa kuliko matusi ya Doraikannu.

Thenmozhi aliporudi kutoka shule aliwakuta hivyo, kila mmoja upande wake wa mlango. Hakuhitaji kuambiwa. Akaweka madaftari juu ya meza, akafungua droo ya kabati, akatoa karatasi ya nyota za Madhivanan iliyokuwa imepakwa manjano pembe nne kwa baraka. Namba yake ya simu ya mkononi ilikuwa imeandikwa chini.

"Unafanya nini?" Sivagami alikuwa ametoka. "Thenmozhi! Msichana hampigii mwanamume! Watasema nini?"

"Wameshasema, Mama."

Akabonyeza namba. Wazazi wake wakasimama pale pale, na hakuwafukuza.

"Mimi Thenmozhi," alisema. "Wa Trichi, ndiyo. Baba yako amepiga. Ameshasema lake. Mimi nimepiga kusikia lako."

Akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu mpaka Sivagami akamshika mumewe mkono wa shati.

"Hapana," alisema Thenmozhi. "Hapana, mimi ndiye niliyemwambia aandike." Mama yake akatoa sauti ya mtu aliyechomwa mwiba. "Ndiyo. Nilijua tangu siku ile mlipokuja. Kasirika na mimi pia, ni haki yako." Akasikiliza tena. "Lini? ... Wote? ... Na wewe?" Kisha akasema neno moja au mawili kwa sauti ndogo, akaweka simu chini, mkono ukabaki juu yake.

"Amesema nini?" aliuliza Singaravelu.

"Amesema alilisoma sahihisho lako mbele ya wenzake wote. Amesema baba yake hatakuja harusini, labda mpaka mjukuu azaliwe, na mama yake atakuja kwa siri. Amesema Jumapili yuko hapa." Thenmozhi alimgeukia baba yake, macho yamejaa lakini hayajamwagika. "Na kampuni imefungwa jana, Baba. Watu wote arobaini. Amesema nifikiri vizuri, kwa sababu hana kazi."

Singaravelu aliketi sakafuni.

"Ukamwambiaje?" aliuliza Sivagami.

"Nikamwambia mimi ninayo."